Mgongo wa picha umehamia kwenye kadi

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki kuna bahasha kuukuu au kopo la biskuti lililojaa picha za zamani. Zikigeuzwa, mgongoni mara nyingi huwa na muhuri wa wino: jina la studio, mtaa, sanduku la posta, pengine na namba ya kumbukumbu kwa atakayetaka nakala nyingine. Mpiga picha wa enzi hiyo hakuhitaji kupiga debe. Kila picha iliyovuka mlango wake iliondoka na anwani mgongoni, ikaenda nayo kwa mjomba Tabora, kwa shangazi Mombasa, hadi kwa mtoto aliyekuwa masomoni ng'ambo.

Picha ya leo haina mgongo. Hutumwa kwa WhatsApp kabla keki haijakatwa, ikaingia kundi la ukoo, ikapakuliwa, ikapunguzwa kingo, ikawekwa kwenye hali (status) ya mtu ambaye hata ukumbini hakufika. Ikifika kwa mtu wa tatu, jina la aliyeipiga limekwisha kudondoka njiani. Wapo wanaopachika jina kwenye kona ya picha. Wateja wanajua kuikata kona hiyo. Kwa hiyo wale wanaosema kadi ya biashara ni kitu cha kizamani, kwamba Instagram inatosha, wanasahau kilichopotea. Kwa mpiga picha wa kujitegemea, asiye na kioo cha duka wala kibao barabarani, kadi ndiyo mgongo wa picha uliobaki. Inastahili kusanifiwa na kuchapwa kwa uangalifu uleule anaoutumia kupiga picha ya bibi harusi.

Udugu wa picha na kadi si wa kubuni. Mwaka 1854, mjini Paris, mpiga picha André Adolphe-Eugène Disdéri alipata hataza ya njia ya kupiga picha kadhaa kwenye bamba moja la kioo. Kabla yake bamba moja lilitoa picha moja, na bei ilikuwa ya wenye nacho. Picha zake ndogo zilibandikwa kwenye vipande vya kadi ngumu vyenye ukubwa wa takriban sentimita 6.4 kwa 10, zikaitwa carte de visite, yaani kadi ya kutembelea, kwa sababu zililingana na kadi ambazo watu wa tabaka la juu waliziacha mlangoni walipokwenda kusalimia. Mwaka 1860 mpiga picha John Mayall alimpiga picha Malkia Victoria na familia yake, akaziuza kwa umbo hilo, na Uingereza nzima ikaingiwa na homa ya kukusanya. Wapiga picha hawakuuacha mgongo wa kadi hizo ukae bure. Walichapa majina yao, anwani, medali za maonyesho, na mwenye bahati ya kumpiga picha mtu wa kasri hakulificha hilo.

Bamako, nchini Mali, inaonyesha jinsi jina linavyobaki na jinsi linavyopotea. Mpiga picha Seydou Keïta alifungua studio yake huko mwaka 1948, na picha zake alizipiga muhuri wenye jina lake na maelekezo ya namna ya kufika: Bamako-Coura, mkabala na gereza la raia. Ni maelekezo ambayo dereva wa bodaboda wa leo angeyaelewa bila ramani. Lakini mwaka 1991, baadhi ya picha zake zilipotundikwa katika maonyesho ya sanaa za Afrika mjini New York, zilitajwa kuwa za mpiga picha asiyejulikana. Mzee alikuwa hai, nyumbani kwake Bamako. Ilibidi André Magnin, msimamizi wa maonyesho kutoka Ufaransa, asafiri kumtafuta. Mwaka 1994 Keïta alipewa maonyesho yake mwenyewe Paris, jina lake likiwa mlangoni. Ikiwa bingwa wa kiwango hicho aliweza kugeuka "asiyejulikana" angali hai, kijana wa Mbagala anayepiga sendofu tatu kwa mwezi ana sababu ya kuwa na wasiwasi.

Pwani yetu nayo ilijua thamani ya jina. Postikadi za Unguja za mwanzoni mwa karne ya 20 zilichapwa jina la A. C. Gomes na wanawe, familia ya Kigoa iliyokuwa na studio mjini. Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, imeendelea kujulikana Mji Mkongwe kwa jina lilelile kwa vizazi. Mpiga picha Mohamed Amin, mzaliwa wa Eastleigh, Nairobi, alipoanzisha shughuli zake Dar es Salaam mwaka 1963 aliziita Camerapix. Neno moja, na kazi imeshaeleweka.

Kadi zinazogawiwa sasa zinasikitisha. Nyingi zinafanana kama mapacha: kamera ya katuni pembeni, utepe wa filamu ambayo mwenye kadi hajawahi kuitumia, rangi ya dhahabu inayotoka kahawia ikichapwa, simu tatu za mitandao mitatu, na orodha ndefu kama tangazo la mnada: harusi, sendofu, kicheni pati, kipaimara, mahafali, misiba, pasipoti, video, droni, kukodisha muziki. Anayesoma orodha hiyo hamwoni fundi, anamwona mtu anayebabaisha. Ubaya mkubwa ni kwamba kadi ya mtu anayeishi kwa macho yake haina hata picha moja aliyoipiga. Na ikiwepo, mara nyingi imepakuliwa mtandaoni: maharusi wa Ulaya kwenye shamba la mizabibu, wakimtangaza mpiga picha wa Tandika.

Dawa yake si ghali. Upande mmoja ubebe picha moja, ya mwenyewe, iliyojaa kadi nzima bila maandishi juu yake. Upande wa pili ukae jina, neno moja au mawili ya kueleza kazi, mji, namba moja ya simu iliyoanza na +255 au +254 ili hata ndugu wa bwana harusi aliyetoka Muscat aweze kupiga, na anwani moja ya mtandaoni inayoonyesha kazi. Namba iwe ile ambayo mwenyewe ana hakika ataendelea kuwa nayo, kwa maana laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na kugawiwa mtu mwingine, na kadi mia tano zikaanza kumtafutia kazi muuza mitumba. Anayepiga harusi na pia wanyama wa Serengeti atengeneze kadi mbili. Mama wa bibi harusi hahitaji kuonyeshwa fisi.

Kuchagua picha hiyo moja ndiko kugumu, na hapa wapiga picha hujikwaa kwa jambo wanaloamini wanalimudu: ngozi nyeusi. Kioo cha simu kinatoa mwanga wake chenyewe. Karatasi inasubiri kumulikwa. Wino nao hutanuka kidogo unapogusa karatasi, hasa isiyo na mng'ao, na vivuli vya uso vilivyokuwa na kina kwenye simu huziba vikawa doa moja. Tatizo la mashine kuusahau uso mweusi lina historia, na la ajabu ni kwamba nalo lilipita kwenye kadi. Kwa miongo kadhaa maabara za kusafisha picha zilipima rangi kwa kutumia kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu. Rangi ya ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo cha wote. Kadi zenye wanawake wa rangi tofauti zilianza kuzoeleka miaka ya 1990. Mpiga picha wa Dar es Salaam au Kisumu hana haja ya kulalamika kwa Kodak leo, ila anapaswa kuongeza mwanga kwenye vivuli vya picha yake kabla ya kuipeleka kiwandani, aombe kadi moja ya majaribio kwenye karatasi ileile, kisha atoke nayo nje aitazame juani.

Halafu kuna mwenye uso. Kadi ni tangazo, na bibi harusi aliyelipia picha za harusi yake hakulipwa kuwa mwanamitindo. Nchini Kenya Sheria ya Ulinzi wa Data ipo tangu 2019, na Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa data iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Ruhusa ya maandishi, hata ya ujumbe mfupi, huchukua dakika moja kuiomba. Asiyetaka usumbufu achague mikono yenye hina, pete juu ya msahafu au Biblia, viatu vya bwana harusi mlangoni. Picha kama hizo mara nyingi hupendeza kuliko uso unaotabasamu kwa amri.

Kwenye uchapaji ndiko kazi nzuri hufia. Ukubwa unaofaa ni milimita 85 kwa 55, karibu sawa na kadi ya benki, hivyo inaingia kwenye pochi bila kukunjwa. Kwa kipimo cha nukta 300 kwa inchi, hiyo ni pikseli 1,004 kwa 650 tu, kiasi ambacho hata simu ya bei ya chini inakizidi. Kwa hiyo kadi yenye ukungu haina kisingizio cha kamera. Kosa huwa ni faili. Msanifu anapiga picha ya skrini, anaituma kwa WhatsApp, na fundi wa Kariakoo, River Road au Nasser Road kule Kampala anachapa alicholetewa. Faili liwe PDF, litumwe kama hati, na rangi ziwe zimeshageuzwa kutoka zile tatu za kioo kwenda wino nne za kiwandani: samawati, majenta, njano na nyeusi. Asiyezigeuza mwenyewe atageuziwa na mashine, na buluu yake ya kung'aa itarudi ikiwa imepauka.

Kisu cha kukatia nacho kinateleza, hata kwa fundi mzoefu. Ndiyo maana picha hutanuliwa milimita 3 kila upande, faili likawa 91 kwa 61, na maandishi yakavutwa ndani angalau milimita 4 kutoka ukingoni. Anayeweka fremu nyembamba kuzunguka kadi anajitafutia ugomvi, kwa kuwa kisu kikihama milimita moja jicho litaiona mara moja. Wapiga picha pia wana mapenzi na kadi nyeusi yenye maandishi meupe madogo. Nyeusi hiyo ikitengenezwa kwa wino zote nne, wino mmoja ukisogea upana wa unywele herufi zinapata kivuli chekundu au cha samawati, na jina la mtu linasomeka kana kwamba msomaji amelewa.

Idadi iamuliwe na mashine. Mashine ya ofseti inahitaji mabamba manne, moja kwa kila wino, na gharama yake ni ileile kwa kadi 100 au 5,000. Mashine ya dijitali haina mabamba. Kijana anayeanza achape 100 kwa dijitali, agundue kosa la herufi kwenye barua pepe yake akiwa bado na mia moja tu za kuwapa wadogo zake wachezee, kisha ndipo afikirie maelfu.

Msimbo wa QR una nafasi yake. Ulibuniwa Japani mwaka 1994 na Denso Wave kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari, na ukiwekwa kwenye kiwango chake cha juu kabisa cha kujirekebisha husomeka hata asilimia 30 yake ikiharibika. Lakini hautaki kubanwa: uachiwe weupe pande zote na usipungue sentimita 2. Uelekeze moja kwa moja kwenye ukurasa wa mwenye kadi. Kuna kampuni zinazotoa misimbo inayopitia kwao kwa ada ya mwezi. Ada ikikoma, kila kadi iliyokwisha kugawiwa inakuwa picha ya miraba.

Linabaki suala la mng'ao. Wateja wengi huomba laminesheni ya kung'aa pande zote mbili kwa sababu inaonekana ya gharama. Upande wa picha hauna neno. Upande wa jina uachwe bila laminesheni, kwenye karatasi ya gramu 300 au 350 inayokubali wino wa kalamu, na nusu yake iwe wazi. Kadi hii hutolewa ukumbini, katikati ya kelele za MC, kwa mama mwenye binti anayeolewa Desemba. Atataka kuandika papo hapo: tarehe, ukumbi, kiasi alichotajiwa, na kama malipo ya awali ni nusu au robo. Kalamu ikiteleza ataandika kiganjani mwake, na muda si mrefu watapita wahudumu na maji ya kunawa, pilau inafuata.