KONA YA KOMPYUTA: Tundu zinafanana, lakini lugha si moja

Mwezi uliopita tuliwaahidi kwamba skana ya chumba cha kompyuta itaanza kazi, na wengi wenu mlikuja na bahasha zenu mkakuta bado. Tunaomba radhi. Leo tunawaeleza kilichotuchelewesha, maana kuna kosa tulilifanya na mchango wenu ulikuwa ndani yake. Tena kuna wengine huku kwenye zoni wanaletewa vyombo vya zamani na jamaa zao, wasije wakaanguka pale tulipoanguka sisi.

Kwa wale wasioijua, skana inafanana na mashine ya fotokopi, ila haitoi karatasi nyingine. Inachukua sura ya karatasi yako na kuiingiza ndani ya kompyuta. Vijana watasema, si tupige picha na simu tu? Kwa karatasi moja ya haraka simu inatosha, hatubishi. Lakini buletini iliyokunjwa mara nne tangu Fizi, mhuri umefifia, simu inaitia kivuli na pembe zinapinda. Kwenye skana karatasi inalala kwenye kioo, na taa inapita chini yake sawasawa.

Yetu tulipewa, ni UMAX Astra 1220S, ya miaka ya mwisho ya 1990. Nyuma ina tundu la pini 25. Kompyuta za zamani nazo zina tundu la printa la pini 25, umbo lile lile kabisa. Kompyuta yetu haina tundu hilo la printa, ina USB. Basi tukamwendea muuzaji mmoja wa mjini, tukamwonyesha picha, akatuuzia waya wenye USB upande mmoja na pini 25 upande mwingine. Shilingi 18,000 za wazazi zikaenda. Tulipochomeka, kompyuta ikasema imeona printa. Printa! Skana ikawaka taa yake, ikakaa kimya. Siku tatu tulihangaika nayo, kila jenereta ikiwashwa.

Kumbe jibu lilikuwa limeandikwa kwenye jina, ile herufi ya mwisho. Skana hii ilitoka ya aina tatu: 1220U ni ya USB, 1220P ni ya tundu la printa, na 1220S yetu ni ya SCSI, mafundi wanatamka "skazi". Hiyo ndiyo inaitwa intafesi, yaani njia na lugha ambayo vyombo viwili vinaongea. Tundu likiingia haina maana wanaelewana. Na hapa mtusikilize vizuri: skana ya skazi ukiichomeka kwenye tundu la printa inaweza kuunguza skana, au kompyuta, au vyote viwili, maana umeme unapita kwenye pini tofauti. Sisi Mungu alitusaidia tu. Hata kwa ile ya herufi P, waya wa USB wa namna tuliyouziwa kwa kawaida unafaa printa peke yake, skana haiufuati.

Dawa yake ni kadi ya skazi, inayoingia ndani ya kompyuta. Kwenye boksi la skana kadi ilikuwamo, lakini ya ISA, ya zamani sana, na kompyuta yetu ina nafasi za PCI tu, zile nyeupe fupi. Haiingii hata ulazimishe (msilazimishe). Tukafungua kompyuta zilizokufa, zile zilizorundikwa nyuma ya stoo, moja baada ya nyingine. Katika ya tano tukapata kadi ya PCI ya Adaptec, vumbi tupu. Tukaipangusa, ikaingia. Bado waya: kadi ilitaka pini 50, skana pini 25. Hapo mwenzetu mmoja tuliyesoma naye, sasa yuko Marekani, aliutafuta kwenye duka la vitu vilivyotumika akautuma na mtu.

Mambo mengine matatu yalitusumbua kidogo. Kila chombo cha skazi kinapewa namba yake, kutoka 0 hadi 7, na 7 kwa kawaida ni ya kadi yenyewe. Viwili vikiwa na namba moja vinagombana. Mwisho wa mstari lazima kuwe na kizuizi kinachoitwa temineta, la sivyo ishara inagonga mwisho na kurudi kama sauti bondeni. Na unawasha skana kwanza, kisha kompyuta. Ukigeuza, kompyuta inaamka na kuona hakuna mtu.

Kuhusu programu hatukununua kitu. Tumeweka Linux pamoja na SANE, ni za bure, na SANE inaijua hii skana yetu. Windows XP tuliiacha, kampuni yenyewe iliacha kuihudumia mwaka 2014.

Karatasi ya kwanza ilikuwa Diploma ya Serikali ya kijana mmoja, mama yake aliitunza ndani ya mfuko wa unga. Maji ya mvua yalipita juu ya namba. Kwa macho sote tulishindwa kuisoma, hata mwalimu mkuu na miwani yake. Tuliiskani kwa nukta 600, tukaongeza weusi kidogo kidogo, na namba ikatokea yote, mpaka ya mwisho. Mama aliinakili mkononi kwa kalamu kabla hatujamaliza, akasema umeme ukikatika je?

Wengine mmeuliza, hizi karatasi zetu mtazipeleka wapi? Swali zuri. Ile kompyuta haina intaneti. Picha inaingia kwenye flashi yako mbele ya macho yako, halafu tunaifuta kwetu. Kwa karatasi za kawaida tunatumia nukta 300. Ukurasa mmoja wa rangi unafika karibu megabaiti 26 kabla ya kubanwa, ukibanwa unapungua sana, kwa hiyo flashi ndogo inatosha familia nzima. Asili usitupe, na usimwachie mtu, hata sisi. Ofisi nyingi zitataka kuiona yenyewe.

Picha iliyogandamana na plastiki msiibandue, ileteni hivyo hivyo.

Tuko Jumanne na Alhamisi, saa nane mchana mpaka saa kumi, jenereta ikikubali. Ule waya wa 18,000 upo kwenye droo. Mwenye printa ya zamani ya pini 25 aje aujaribu, tukiuuza pesa inarudi kwenye mchango.