WAPIGA KINANDA NAO NI WAFANYA KAZI



Wako wasemao kwamba mpiga kinanda wa kanisa hahitaji chama wala mafunzo, maana amtumikia Mungu. Sisi twakataa! Fundi wa injini hufundishwa, hupimwa, hupandishwa cheo. Mbona mpiga kinanda aachwe ajifunze peke yake, na ujira wake uwe asante tu?

Wenzao waliamka zamani: Uingereza waliunda chuo chao mwaka 1864, Marekani chama mwaka 1896. Vyote vingali hai, vyatoa mitihani na vyeti. Hicho cha Marekani chatoa hata mfano wa mapatano ya kazi.

Basi wapiga kinanda wa mtaa, wa madhehebu yote, wakutane kila mwezi: ajuaye nota amfundishe apigaye kwa sikio. Kisha wawaendee wazee wa kanisa kwa sauti moja. Ibada haikatazi ujira.

Umoja ni nguvu.