Tumbo Laini, Maumivu Makali

Mganga wa zahanati anapobonyeza tumbo la mgonjwa anayegaagaa akalikuta laini, ni rahisi kumpa dawa ya minyoo na kumrudisha nyumbani. Makala hii inaanzia hapo, kwa sababu utumbo uliokosa damu mara nyingi huanza hivyo. Tumbo likishakuwa gumu kama ubao, huenda sehemu ya utumbo imekwisha kufa. Damu ikikatika kabisa, saa sita hivi zinatosha.

Bonge la damu linaweza kutoka kwenye moyo unaodunda bila mpangilio, likaziba mshipa mkubwa wa utumbo. Lakini ukanda wetu wa Bukoba unaujua zaidi utumbo unaojinyonga: ulionaswa kwenye ngiri, au uliojisokota. Mwaka 1967 daktari J. J. Shepherd aliandika juu ya wagonjwa 92 wa Uganda, ng'ambo tu ya mpaka wa Mutukula, ambao utumbo wao mwembamba na mpana ulikuwa umejifunga fundo. Tisini na wawili, majirani zetu! Utumbo mpana ukijisokota peke yake, na ukiwahiwa, mpira unaopitishwa njia ya haja kubwa huweza kuufungua bila kisu.

Ngiri ndiyo inayoniuma zaidi. Mvuvi wa kisiwa cha Bumbire huishi nayo miaka, ikitoka akivuta mtumbwi, ikirudi akilala chali. Usiku mmoja hairudi. Anatapika, hapati choo, hata hewa haitoki, na mtumbwi wa kumvusha unangoja ziwa litulie. Afike hospitali ya Ndolage, Rubya, Kagondo au Bukoba mjini, atawekewa dripu na mpira wa puani, kisha apasuliwe.

Hapo daktari anaushika utumbo wenye rangi ya zambarau iliyokolea. Anaufunika kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, anangoja dakika kadhaa, anafunua. Wekundu umerudi? Unang'aa? Ukiguswa unajongea? Ukiwa hai anaurudisha tumboni. Ukibaki mweusi anaukata.

Kungoja huko hakufidii siku mbili zilizopotea nyumbani kwa vikao vya nauli. Ndiyo maana tunawasihi wahudumu wa zahanati: maumivu yakizidi kile mkono unachokikuta, andika rufaa saa hiyo hiyo. Na mwenye ngiri ambayo bado inarudi, apangiwe siku ya upasuaji sasa, angali akienda hospitali kwa miguu yake.