Mafua Yangu, Taabu ya Mdogo Wangu

Katika jarida letu hili tumesoma mengi kuhusu ukimwi, dawa za kulevya na wizi wa mitihani, na ni vyema yaandikwe. Mimi mwaka huu naomba nafasi niseme juu ya mafua. Najua mtacheka. Ati mafua nayo ni ugonjwa? Mtu hupenga kamasi siku tatu nne akapona, na hakuna mwalimu wa zamu atakayekupa ruhusa ya kwenda nyumbani kwa sababu hiyo.

Hata mimi ningecheka kabla ya Julai iliyopita. Hapa kwetu Limuru mnajua Julai ilivyo: ukungu hadi saa nne, madirisha ya darasa yamefungwa yote, na sisi zaidi ya hamsini tuko ndani tunapumuliana. Mwenzangu wa deski alikuwa na mafua, nami nikayapata. Jioni nikafika nyumbani, nikambeba mdogo wangu wa miaka minne kama kawaida, tukala sahani moja. Siku ya tatu akaanza kupiga chafya. Usiku wa nne hatukulala. Kifua chake kilikuwa kinalia kama filimbi, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi, na hakuweza hata kumaliza kusema "nataka maji".

Mdogo wangu ana pumu. Tulijua, lakini tuliishi kama ambao hawajui. Nyanya alisema ni baridi imemwingia kifuani, basi jiko la makaa likaletwa chumbani apate joto. Joto alipata, na moshi pia akapata. Akapewa na dawa ya maji ya antibiotiki iliyobaki mwezi uliotangulia. Alfajiri mimi na baba tukambeba hadi kituo cha afya, akavutishwa dawa ya pampu, na baada ya dakika chache nikaona mabega yake yanashuka. Mhudumu akauliza swali moja tu: "Nyumbani ni nani ana mafua?" Baba akageuka akaniangalia mimi.

Tangu siku hiyo nimesoma na kuulizauliza. Mafua huletwa na virusi, na si vya aina moja. Vile viitwavyo rinovirusi peke yake vina aina zaidi ya mia moja, ndiyo maana mtu hapati kinga akamaliza. Kwako wewe na mimi huishia puani. Kwa mtoto mwenye pumu, mirija ya hewa, ambayo ni myembamba tayari, huvimba kwa ndani, hujaa makamasi, na misuli inayoizunguka hukaza. Mwaka wa 1995 watafiti wa Uingereza walieleza kwamba walipata virusi katika visa kama 80 kati ya kila 100 ambapo watoto wa umri wa shule walizidiwa na pumu. Kumbe tulikuwa tunamlaumu paka wa jirani bure.

Wala tusiseme hayo ni ya Wazungu. Kule Kilifi, kati ya 2009 na 2010, watafiti wa KEMRI walifuatilia familia 47 wakipima pua za watu wa nyumbani mara mbili kwa wiki. Walikuwa wanatafuta virusi viitwavyo RSV, ambavyo huwapiga watoto wachanga kifuani hadi wakakorota. Waligundua kwamba watoto wengi waliambukizwa humo humo nyumbani, na mara nyingi aliyeanza kuugua ni ndugu mkubwa, wengine wao wanafunzi. Kikulacho ki nguoni mwako. Sisi wa shule za kutwa tunabeba vitabu kwenda nyumbani, na virusi pia.

(Si kila mtoto anayekorota ana pumu, jamani. Wengi huacha wakikua. Hilo aamue daktari, si mimi na si jirani.)

Ugomvi wangu mkubwa ni na watu wazima, na naomba radhi kwa kusema hivyo. Wanaogopa pampu. Ati ni ya mtu wa kufa, ati mtoto ataizoea kama miraa. Si kweli. Dawa ya pampu huenda moja kwa moja kwenye mirija, kwa hivyo kinachotumika ni kidogo kuliko dawa ya kumeza. Iko ya kufungua kifua akizidiwa, na iko ya kuzuia, ambayo daktari akiiandika mtoto huvuta kila siku hata akiwa mzima. Antibiotiki, ambayo tunainunua haraka, haiui virusi hata kimoja. Wengine husema mtoto mdogo hawezi kuvuta pampu. Kwa mdomo mtupu hawezi. Lakini mwaka wa 1999 watafiti wa Afrika Kusini walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa kitako pampu ikaingia, inafanya kazi sawa na kile kifaa cha dukani. Mdogo wangu anatumia chupa ya soda. Mhudumu mwenyewe ndiye aliitoboa.

Bei ya pampu ni shida, hapo sibishani na mzazi yeyote. Lakini maji na sabuni je? Mwaka wa 2020 kila lango la shule lilikuwa na mtungi wa maji. Wetu sasa unawekewa mifagio. Sisemi kila mwenye mafua abaki nyumbani, madarasa yangekuwa matupu. Nasema tufungue hata madirisha mawili, mtungi urudi langoni, na tukifika nyumbani tunawe kabla ya kumshika mtoto. Na walimu wa nasari wajue ni mtoto yupi ana pumu, pampu yake iwe karibu, si kabatini kwa mama.

Siku hizi nikishikwa na mafua nalala sebuleni. Mdogo wangu husimama mlangoni, haingii, ananiuliza, "Kamasi imeisha?" Nikimwambia bado, anakasirika na kwenda zake.