Anayetoa Dawa Si Muuza Duka

Waulize wanafunzi wa kidato cha nne wanataka kuwa nani baadaye. Utasikia daktari, rubani, wakili. Mtaje yule anayekaa kwenye dirisha la dawa, watacheka: "Ah! Si kazi yake ni kuhesabu tembe tu?" Mimi nayapinga maoni hayo.

Kwanza tuangalie masomo yake. Stashahada ya dawa katika chuo cha KMTC, kilichoanza mwaka wa 1927, huchukua miaka mitatu. Mwanafunzi hujifunza jinsi dawa inavyofanya kazi mwilini, zipi hazipatani, na namna ya kuzichanganya na kuzihifadhi. Kisha hupelekwa hospitalini kwa mazoezi. Hata akihitimu, sheria haimruhusu kufanya kazi hiyo kabla ya kuandikishwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Je, muuza sukari huulizwa hayo?

Pili, kazi yenyewe. Karatasi ya daktari ikifika dirishani, yeye ndiye jicho la mwisho. Huangalia kipimo, umri, na kama mama ni mja mzito. Akiona kasoro, humrudia daktari. Chukua dawa ya malaria inayoitwa AL. Mtu mzima humeza tembe 24: nne kila mara, mara sita, kwa siku tatu. Tena ameze pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, ndipo dawa iingie mwilini vizuri. Bila kuelezwa, nani atajua?

Mama mmoja jirani yetu, mchumaji chai, alipewa bahasha iliyoandikwa "1 x 3", basi. Kwa kuwa yeye hutoka alfajiri na kurudi jioni, alimeza zote tatu asubuhi. Nilipomwuliza alinijibu, "Si wameandika tatu, mtoto wangu?" Kosa si lake. Aliyempa dawa hakufungua mdomo.

Hapo ndipo Kiswahili kinapoingia. Katika mashamba ya chai ya Kericho na Bomet wapo Wakipsigis, Wakisii, Waluo na Waluhya. Wakikutana dirishani, lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. "Meza moja asubuhi, moja mchana, moja usiku, na usiache hata ukipata nafuu." Maneno hayo nayo ni dawa.

Najua wengine watasema ati foleni ni ndefu. Kweli, ni ndefu. Lakini dakika moja ya maelezo ni nafuu kuliko mgonjwa kurudi akiwa amezidiwa.

Kwa hivyo, wapenzi wa Kemia na Baiolojia, msiidharau kazi hii. Na chama chetu kiandike mabango ya Kiswahili na Kipsigis, tuyapeleke kwenye zahanati jirani, yaeleze maana ya "1 x 3". Nawe ukifika dirishani, uliza. Kuuliza si ujinga.

Mwanachama, Kidato cha Tatu