GPA Haimfanyi Mtu Mhadhiri wa Lishe

Katika vyuo vikuu vya umma Tanzania, mlango wa uhadhiri hufunguliwa kwa GPA. Tangazo la nafasi ya mhadhiri msaidizi kwa kawaida hudai 3.8 katika shahada ya kwanza na 4.0 katika uzamili. Wasioifikia hulalamika kwamba kigezo ni kigumu mno. Kwa somo la lishe, ni chepesi mno.

Wanaokitetea husema alama huzuia kubebana. Ni kweli. Huongeza kwamba anayelijua somo atalifundisha, dai ambalo hurudiwa sana na kuthibitishwa kwa nadra.

Mwanafunzi wa uzamili wa lishe, awe Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, au kwingineko, hupimwa kwa mitihani, utafiti na tasnifu. Lakini sehemu kubwa ya lishe hufundishwa kwa mikono. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupimwa urefu akiwa amelazwa, na aliyevuka umri huo akiwa amesimama. Anayechanganya njia hizo hupotoka kwa takriban sentimita 0.7. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, utepe wa kupima mzunguko wa mkono ukisoma chini ya sentimita 11.5, huo ni utapiamlo mkali; ukikazwa kupita kiasi, mtoto mzima huandikwa mgonjwa. Kumhoji mama kuhusu mlo wa mtoto wa saa 24 zilizopita, mpaka akumbuke na kipande cha muhogo kilicholiwa njiani, bila kumlisha majibu, ni ufundi pia. Kuyajua haya hakumwezeshi mtu kuona kosa kwenye vidole vya mwanafunzi na kulirekebisha papo hapo.

Nani amemwona mwombaji akifanya hivyo? Mara nyingi, hakuna. Mwalimu wa shule ya msingi hupelekwa mazoezi ya kufundisha, mkufunzi akiwa amekaa nyuma ya darasa na kalamu mkononi. Anayewaandaa maofisa lishe wa halmashauri hukabidhiwa ukumbi mzima kwa sababu ya matokeo yake ya mitihani! Huu ni uzembe uliovishwa joho, katika nchi ambayo utafiti wa kitaifa wa 2022 uliwakuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa.

Kinachotakiwa ni muhula mmoja wa uzamili wa kufundisha vipindi vya vitendo chini ya uangalizi, alama zake zikiandikwa kwenye cheti cha matokeo na kudaiwa katika tangazo la kazi, sambamba na GPA. Kisingizio kwamba wahadhiri hawana muda wa kusimamia hakina uzito: vipindi hivyo tayari vipo kwenye ratiba.