Irumu: Bafle isiyofungwa ndani ya gari ni hatari kwa abiria

Kwenye boulevard ya Libération mjini Bunia, mara nyingi mtu husikia gari kabla ya kuliona. Besi inatikisa vioo vya maduka, na shofere anajua kwamba muziki huo unamletea wateja. Hakuna ubaya hapo. Abiria anayekwenda Komanda au Kasenyi anapambana na vumbi na mashimo njia nzima, na wimbo mzuri unapunguza uchovu. Jambo ambalo wachache wanauliza ni hili: lile sanduku la bafle kule nyuma ya gari limeshikwa na nini?

Katika magari mengi halijashikwa na kitu. Limewekwa juu ya kapeti ya kofre, limeegemea kiti cha nyuma, na limebanwa na mifuko ya mihogo, mikungu ya ndizi na mabegi ya wasafiri. Mifuko ikishushwa njiani, sanduku linabaki huru. Wengine hulifunga kwa vipande vya chemba ya pikipiki. Chemba inafaa kwa kufunga godoro au kikapu cha kuku, lakini inavutika. Kitu kinachovutika hakizuii uzito, kinauchelewesha kidogo tu.

Na uzito upo. Sanduku la mbao zilizoshindiliwa, zenye unene wa milimita 18, lenye urefu wa sentimita 80, upana na kimo cha sentimita 40, lina karibu kilo 20 likiwa tupu. Weka ndani spika mbili za inchi 12 pamoja na sumaku zake, unafika kilo 30 au zaidi. Maseremala wa Bunia wanaotumia mbao ngumu kutoka msitu wa Mambasa hutengeneza masanduku mazito kuliko hayo. Huo ni uzito wa mtoto wa shule, wenye pembe kali.

Gari likienda kilomita 50 kwa saa, kila kilichomo kinaenda mwendo huo huo. Shofere akigonga lori lililosimama, gari linasimama lakini sanduku linaendelea na safari. Nguvu iliyo ndani yake wakati huo ni sawa na ya sanduku lililoanguka kutoka urefu wa karibu mita 10, yaani kama mtu amelidondosha kutoka ghorofa ya tatu. Gari likisimama katika sehemu moja ya kumi ya sekunde, kiti kinasukumwa na zaidi ya kilo 400. Hakuna mama aliyempakata mtoto kwenye kiti cha nyuma ambaye angekubali kukaa chini ya ghorofa hiyo.

Wenye magari hujibu kwamba kiti cha nyuma kinatosha kuzuia. Kuna ukweli kidogo ndani ya jibu hilo. Kanuni nambari 17 ya Umoja wa Mataifa inayohusu viti vya magari inataka kiti cha nyuma kipimwe kwa makasha mawili ya kilo 18 kila moja, kwa mwendo wa karibu kilomita 50 kwa saa. Lakini kipimo hicho ni cha kiti kipya chenye ndoano nzima. Magari mengi ya Irumu yameletwa yakiwa yametumika miaka mingi, ndoano zao zimelegea, na baadhi yamewekewa mabenchi ya chuma yaliyochomelewa hapa hapa ili abiria waongezeke. Benchi la namna hiyo halikupimwa na mtu. Katika Probox na Noah, hakuna ukuta wowote kati ya mzigo na vichwa vya watu zaidi ya mgongo wa kiti. Na pale ambapo kijana au mtoto amekalishwa kwenye kofre yenyewe, ubavuni mwa bafle, hata mgongo huo haupo.

Barabara nazo hazisaidii. Kutoka Bunia kwenda Kasenyi, baada ya Bogoro, njia inateremka kuelekea bonde la Ziwa Albert. Bunia iko kwenye kimo cha karibu mita 1,275 na ziwa liko kwenye mita 619 hivi. Katika mteremko wa namna hiyo kila kitu kisichofungwa kinataka kwenda mbele hata bila ajali. Upande wa Komanda, kwenye barabara ya taifa nambari 27, ni mashimo, matope wakati wa mvua na magari makubwa yanayoelekea makutano ya barabara nambari 4. Shofere anakwepa shimo, sanduku linagonga upande mmoja; anakwepa lingine, linarudi. Mjini, motari anayekatiza ghafla anatosha kumfanya mtu akanyage breki kwa nguvu zote.

Kwa nini basi halifungwi? Si uvivu tu. Kofre hiyo hiyo inabeba samaki siku ya soko, na Jumamosi bafle inatolewa kwenda kwenye harusi, matanga au kampeni ya injili. Usiku mwenye gari anaiingiza ndani ya nyumba akiogopa wezi. Anayemwambia shofere wa Irumu apigilie sanduku lake milele hajui maisha yake. Kinachohitajika ni kifungo kinachoshika kweli na kinachofunguka kwa dakika chache.

Njia iliyo rahisi ni mikanda miwili ya kukazia mizigo, ile ya nailoni yenye mkono wa chuma ambayo madereva wa malori hutumia, ikivutwa kwenye pete zilizofungwa kwa bulo sakafuni. Mikanda ipite juu ya sanduku, na pete mbili ziwe nyuma na mbili mbele, kusudi sanduku lisiweze kukimbia upande wowote. Njia yenye nguvu zaidi ni vyuma vinne vya pembe, vimeshikwa kwenye sanduku kwa skrubu fupi zisizotoboa mbao hadi ndani (tundu likipitisha hewa, besi inaharibika), na kwenye sakafu kwa bulo za milimita 8. Chini ya gari ziwekwe rondele pana, kwa sababu bati la sakafu ni jembamba na bulo peke yake inaweza kulichana. Kwa njia zetu za mtikisiko, nati moja haitoshi; ziwe mbili, na zikaguliwe kila baada ya wiki chache.

Kabla ya kutoboa, fundi alale chini ya gari atazame. Hapo ndipo penye tangi la mafuta, mirija ya breki na, katika magari mengi, tairi la akiba. Tundu moja lililokosewa linaweza kugeuza kazi ya usalama kuwa msiba. Fundi anayeanza kutoboa bila kutazama chini hafai kupewa gari la mtu.

Kuna pia moto. Waya mnene unatoka kwenye batri, unapita chini ya kapeti hadi kwenye ampli. Sanduku likicheza, linavuta waya, na waya unasuguliwa na bati mpaka ganda linaisha. Ukigusa chuma bila fuzibo, unawaka mara moja. Fuzibo iwekwe karibu na batri, isiwe zaidi ya sentimita 45 kutoka hapo, na kila mahali waya unapopenya bati pawe na mpira. Hilo lina uzito wa pekee katika magari ambayo shofere ameweka nyuma kidumu cha petroli ya kadhafi kwa ajili ya safari. Kidumu na ampli havipaswi kukaa kofre moja, hata kwa safari ya kwenda Nyakunde tu.

Sheria haikukosekana. Sheria nambari 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978 ndiyo kanuni ya barabara nchini, na Congo ni mwanachama wa Mkataba wa Vienna wa 1968 ambao ibara yake ya 30 inataka mzigo upangwe na ufungwe usihatarishe watu. Bafle ni mzigo, hata ikipigwa rangi na kuwekewa taa. Lakini kwenye vizuizi vya barabarani shofere huombwa permi, bima na vinyeti, na mlango wa nyuma ukifunguliwa ni kwa kutafuta silaha au bidhaa.

Watakuwepo wanaosema Irumu ina vifo vingi vya kuhangaikia kabla ya masanduku ya muziki. Jimbo la Ituri liliwekwa chini ya hali ya kuzingirwa Mei 2021, na wakaaji wa Komanda, Boga na Gety wamezika watu wengi mno. Ndiyo. Lakini bunduki za msituni haziko mikononi mwa shofere wala seremala. Mkanda na bulo viko mikononi mwao, na bei yake ni ndogo sana kando ya ile ya ampli.

Mashirika ya mashofere yanaweza kuanza kwenye maegesho yao: gari lisipakie mpaka bafle imefungwa, na mtu yeyote asikalishwe kwenye kofre pamoja nayo. Polisi wa barabarani waongeze swali moja kwenye yale wanayouliza tayari. Kupima hakuhitaji mashine: afisa ashike sanduku kwa mikono miwili na alivute kwa nguvu. Likisogea, gari lisubiri pembeni mpaka lifungwe, bila faini ya siku ya kwanza, na abiria wasishushwe bila kurudishiwa nauli yao.